Sentensi Moja Kuhusu Kisigino

Majirani walimwita Fundi Nyundo, naye hakuwahi kulikataa jina hilo. Mtaa mzima uliamka kwa mlio wa nyundo yake. Watu wakiwa bado wanapiga mswaki, yeye alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, kiatu kimebanwa magotini, misumari midogo ameishika kwa midomo. Ukimsalimu saa hiyo alikujibu kwa nyusi.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, chenye dirisha linalotazama barabarani. Ukutani zilining'inia kalibu, yaani miguu ya mbao ambayo fundi huivalisha ngozi anaposhona kiatu. Kwa mafundi wengine kalibu hukaa mbilimbili, ya kulia na ya kushoto, saizi moja. Kwa Nyundo kila moja ilining'inia peke yake. Alishona viatu vya watu ambao mguu mmoja ni mkubwa kuliko mwingine, au mmoja ni mfupi kidogo na unahitaji soli nene.

Kazi hiyo aliianza kwa sababu ya mumewe. Mumewe ni dereva wa lori. Alipokuwa mtoto aliugua, na mguu wake wa kushoto ukabaki nyuma saizi tatu. Walipooana, Nyundo aligundua kwamba bwana huyu anajaza matambara kwenye kiatu cha kushoto, kisha anakwenda kukanyagia klachi ya lori la tani kumi. Bibi harusi alikasirika kweli kweli. Wiki ile ile alimshonea viatu, cha kulia namba arobaini na tatu, cha kushoto namba arobaini. Dereva alivivaa, akatembea hadi barabarani na kurudi, kisha akakaa kitandani akivitazama. Alikuwa na miaka thelathini, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuvaa viatu vinavyomtosha vyote viwili.

Kwa hiyo kazi ilikuwa nzuri. Ila watu wenye miguu ya namna hiyo hawakai mtaa mmoja. Mmoja yuko hapa, mwingine yuko mji wa tatu, na wengi hawakujua kwamba kuna fundi kama yeye duniani. Wazazi walinunua jozi mbili kwa ajili ya mtoto mmoja, wakatupa viatu viwili. Kwa Nyundo walifika wateja watatu kwa mwezi, na mwezi mwingine hakufika mtu.

Jioni moja Dereva alirudi na habari. Kiwanda cha ndala za plastiki, ambako hupeleka mizigo, kilitafuta msimamizi wa mafundi. Alikuwa amemsemea mkewe, nao walikuwa tayari kumchukua. Walitaka jibu kufikia mwisho wa mwezi ujao.

"Sikulazimishi, mama watoto," alisema. "Lakini nimechoka kuivuta nyumba hii peke yangu. Na wewe umechoka, ila hutaki kusema."

Nyundo aliitazama mikono yake iliyojaa gundi. Alijua mumewe hasemi uongo. Alijua pia kwamba akiifunga karakana ile, hataifungua tena.

"Nipe muda huo wote," alijibu. "Ukiisha na hali ni hii hii, nitakwenda kiwandani. Wala hutanisikia nikinung'unika."

Dereva alikubali. Ile ya kutonung'unika hakuiamini, lakini alikubali.

Nyundo akajifunga kibwebwe. Alikuwa amesikia kwamba siku hizi wafanyabiashara huwalipa watu maarufu wazitaje bidhaa zao kwenye mitandao ya kijamii. Kwenye simu yake kulikuwa na mchekeshaji mmoja mwenye wafuasi laki tatu. Hata yeye alikuwa akimfuatilia, na alimcheka mpaka sindano inamponyoka. Akawaza kwamba katika watu laki tatu, wenye shida ya miguu hawawezi kukosekana. Alimtumia mchekeshaji malipo yake, akamuuliza anavaa namba ngapi. Akajibiwa arobaini na mbili.

Hapo ndipo fundi wetu alipofanya kosa ambalo hakuna fundi mwingine angelifanya. Kwa miaka mingi mkono wake ulikuwa umezoea viatu visivyolingana. Bila kufikiri mara mbili, akashona cha kulia namba arobaini na mbili na cha kushoto namba thelathini na tisa. Ngozi nzuri, mshono safi. Akamtumia mtu mwenye miguu miwili iliyolingana sawasawa.

Mchekeshaji hakuuliza kitu. Alivaa kimoja, cha pili kikakwama katikati ya mguu, akakivua na kukiweka kichwani kama kofia. Akawasha kamera, akacheza. Mwishoni alisema kwamba amevinunua mwenyewe kwa fundi huyu, na namba ya simu yake ndiyo hii.

Video ilitazamwa na umati. Simu ya Nyundo iliita siku mbili mfululizo. Mmoja aliuliza kama anashona kiatu cha meza yenye mguu mfupi. Mwingine alitaka viatu vinne vya mbuzi. Kisha mfuasi mmoja akaandika kwamba mchekeshaji hakununua chochote, bali alilipwa, na kwamba sasa hata huyo fundi hamwamini. Siku ya tatu simu ikanyamaza. Katika watu laki tatu, hakupatikana hata mteja mmoja.

Nyundo aliona aibu. Aliifunika simu kwa kitambaa, akalia huku anapaka gundi, maana kazi ilikuwa haingoji.

Jirani yake aliitwa Mama Miche, kwa kuwa aliuza miche ya matunda na maua nyuma ya nyumba yake. Asubuhi hiyo alileta kandambili iliyokatika mkanda. Alimkuta Nyundo ameshika tama, akamuuliza kulikoni. Nyundo akamweleza yote, hadi mbuzi.

Mama Miche alicheka kwanza, kwa sababu ni mtu wa kucheka. Kisha akavuta kibao akaketi.

"Hebu niambie," alisema. "Viatu vyako vinanunuliwa na nani?"

"Mtu yeyote mwenye miguu isiyolingana, dada."

"Mtoto wa miaka saba ana hela?"

"Hana. Mamaye ndiye anayenunua."

"Basi mteja wako ni mamaye. Na mama huyo, mwanawe akianguka shuleni kwa sababu ya kiatu, anakwenda kumuuliza mchekeshaji?"

Nyundo akaiweka kandambili mezani. Hakuwa amelitazama hivyo.

Mama Miche akamweleza kuhusu blogu. Blogu, alisema, ni kama daftari lililo wazi kwenye mtandao. Mtu anaandika mambo anayoyajua, na kila mwenye simu anaweza kusoma. Akimaliza kuandika, huichukua makala yake akaiweka kwenye kurasa zake za mitandao ya kijamii na kwenye makundi ya watu wenye shida hiyo hiyo. Wao husoma, huuliza maswali na kutumiana. Mfanyabiashara anaweza kumlipa mwandishi wa namna hiyo ajaribu bidhaa yake na kuiandikia makala. Mama Miche mwenyewe alimlipa mwandishi wa blogu ya bustani ndogo za nyumbani. Wasomaji wake walikuwa elfu mbili tu.

"Wachache, lakini kila mmoja ana jembe," alisema. "Makala ile ina mwaka wa pili sasa. Mpaka leo mtu akitafuta miche mtandaoni anaikuta, ananipigia. Video ya yule bwana wako imeshazama."

"Nitamjuaje mwandishi mzuri?"

"Soma alichoandika zamani. Tazama kama watu wanamuuliza na yeye anawajibu. Ukiona leo anasifia sabuni, kesho mchezo wa kubahatisha, keshokutwa dawa ya kuotesha nywele, mkimbie. Halafu lazima aseme wazi kwamba amelipwa. Juu kabisa, kabla ya neno la kwanza."

"Si ndiyo watu watakimbia?"

"Watu wanajua kwamba biashara ina matangazo, jirani yangu. Wanachokichukia ni kufichwa. Wewe hukuona?"

Nyundo aliona. Jioni ile ile alianza kutafuta. Alisoma blogu nyingi mpaka macho yakamwasha. Siku ya nne akampata mwanamke anayejiita Mama Hatua. Alikuwa akilea mwana wa miaka saba mwenye mguu mmoja mfupi. Aliandika kuhusu mazoezi, ngazi za shule, watoto wanaomcheka mwanawe, na shida ya viatu. Hiyo ya viatu aliiandikia mara sita. Wasomaji wake walikuwa elfu nne, na chini ya kila makala wazazi walizungumza kama watu wa nyumba moja.

Nyundo alimpigia. Mama Hatua alikubali, lakini kwa masharti yake. Mtoto angevaa viatu wiki tatu kwanza. Yeye angeandika alichokiona. Fundi angeisoma makala kabla haijatoka, ili arekebishe namba na maelezo ya kazi, basi. Nyundo alipiga moyo konde akakubali, akatuma malipo, naye akatumiwa michoro ya miguu ya mtoto. Safari hii alipima mara tatu kabla ya kukata ngozi.

Wiki tatu ni nyingi kwa mtu anayehesabu siku. Dereva alikwenda safari akarudi, akaenda tena. Hakuuliza kuhusu kiwanda, na kutouliza kwake kulimuumiza Nyundo zaidi kuliko swali. Hatimaye makala ikafika kwenye simu. Ilianza hivi: "Makala hii imelipiwa na fundi aliyeshona viatu ninavyovieleza. Maoni ni yangu." Kisha ilieleza jinsi mtoto alivyopanda ngazi za shule bila kushika ukuta. Nyundo alisoma mara mbili, moyo unamjaa. Halafu akafika katikati.

"Wiki ya kwanza ukingo wa kisigino ulikuwa mgumu, ukamchubua mwanangu. Ilibidi avae soksi mbili."

Damu ikampanda. Alipiga simu palepale.

"Mama Hatua, makala ni nzuri, nakushukuru. Ila hiyo sentensi ya kisigino naomba uifute."

"Kwani si kweli?"

"Sijui kama ni kweli. Najua nimekulipa."

Mama Hatua hakupandisha sauti.

"Umenilipa kazi ya kujaribu na kuandika. Hukuninunua mdomo. Ukitaka, nitakurudishia chako chote, na viatu nitavilipia, maana mtoto hataki kuvivua. Lakini siwezi kuandika nusu. Wanaonisoma ni wazazi kama mimi. Mtoto wa mtu akichubuka na mimi nilijua, kesho huyo hatanisoma tena. Wala wewe hatakuamini."

Nyundo aliomba siku moja ya kufikiri. Zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku chache. Angeweza kuchukua malipo yake akatafute mwandishi mwingine, wa kumvisha kilemba cha ukoka. Wapo wengi.

Alichukua kiatu kilichokuwa mezani, akaingiza mkono ndani, akasugua kidole kwenye ukingo wa kisigino. Akasugua tena. Palikuwa na mshono uliovimba, mgumu kama ukucha. Miaka yote hiyo alikuwa akiutazama kwa nje na kujisifu kwamba umenyooka. Akampigia mumewe, aliyekuwa anapakua mizigo mbali huko.

"Vile viatu vyangu vya kwanza, vilikuchubua?"

"Wiki nzima," alisema Dereva.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa na furaha mno, mke wangu. Ningeanzaje kulalamika?"

Nyundo alicheka na kulia kwa pamoja. Kisha akashika kisu. Siku hiyo yote alifumua na kushona, akafumua tena. Kufika magharibi alikuwa ameuhamisha mshono chini, na kisigino amekiwekea bitana ya ngozi laini ya kondoo. Aliuvisha mkono wake kiatu kile, akauzungushazungusha, hakusikia ukingo.

Akampigia Mama Hatua. "Iache sentensi yako kama ilivyo. Ila uniachie nafasi chini ya makala niandike jibu langu."

Makala ilitoka siku ya Jumatatu. Chini yake Nyundo aliandika: "Mimi ndiye fundi. Kuhusu kisigino, ni kweli, na sikuwa nikijua. Kuanzia sasa kila kiatu kitawekwa bitana laini. Aliyenunua zamani na akachubuka, alete viatu nivirekebishe bila malipo."

Siku ya kwanza hakuna aliyepiga simu. Siku ya pili pia. Nyundo hakuifunika simu safari hii. Mama Miche alikuwa amemwambia kwamba mzazi husoma kwanza, humwonyesha mwenzake, hulala nalo, ndipo anapopiga. Hata hivyo chini ya makala maswali yalianza kumiminika, na Nyundo aliyajibu yote, hata yale ya usiku uliopita, kabla ya kugonga msumari wa kwanza. Wengi waliuliza wanapimaje mguu wakiwa mbali. Akawaandikia: mtoto asimame wima juu ya karatasi, asikae. Chora mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kalamu ikiwa imesimama. Pima mchana, kwa sababu asubuhi mguu huwa umenywea. Andika umri, piga picha, kisha nitumie na karatasi yenyewe.

Mama Hatua aliyachukua maelezo hayo akayaweka kwenye makundi ya wazazi. Hapo ndipo simu ilipoanza.

Kila aliyepiga aliulizwa swali moja kabla ya mengine: umetusikia wapi? Nyundo alipiga mistari miwili ya chaki kwenye mlango wa kabati, ukagawanyika sehemu tatu. Upande mmoja aliandika Mchekeshaji, upande wa pili Blogu, upande wa tatu Kupita Njia. Alitaka kujua kwa macho yake, si kwa kudhani. Wiki ya kwanza upande wa blogu ulipata mistari saba. Wiki ya pili ukapata kumi na tisa. Walikuja pia wateja wawili wa zamani wenye viatu vya kurekebishwa, wakarudi na ndugu zao. Kwa mchekeshaji palibaki peupe.

Siku moja alifika mama aliyekuwa amesafiri tangu alfajiri, na binti wa miaka kumi aliyeficha mguu nyuma ya mguu. Nyundo alimuuliza swali lake la kawaida. Mama akasema amesoma kwa Mama Hatua.

"Tumeshadanganywa sana," alieleza. "Kila muuzaji ananiambia kiatu chake hakina kasoro, na nikifika nyumbani mtoto analia. Nilipoona pale pa kisigino, na wewe ukajibu kwamba ni kweli, nikamwambia huyu, twende."

Nyundo aliinama akampima binti miguu, upesi, ili wasimwone uso.

Siku ya mwisho ya mwezi Dereva alikuwa nyumbani. Alisimama mbele ya kabati akaitazama mistari ya chaki kwa muda mrefu. Alikuwa ameahidi kiwandani kwamba jibu litapelekwa siku hiyo, na hakutaka kulitoa yeye. Akamletea mkewe simu, namba ikiwa tayari imeandikwa.

Nyundo alifuta mikono kwenye aproni. Alimsalimu meneja kwa heshima, akamshukuru kwa kumngoja, akasema hatakuja. Meneja aliuliza kama amepata kazi mahali pengine.

"Hapana, bwana," alisema. "Niko hapa hapa. Nina watoto thelathini na mmoja wanaongoja viatu."

Alipokata simu, mumewe alikunja mikono ya shati, akauliza ni ngozi ipi inatakiwa kulowekwa. Nyundo akamwonyesha beseni, akamkataza kugusa gundi.

Kisha akavuta bahasha ya juu kwenye rundo lililofika asubuhi. Ndani mlikuwa na karatasi iliyochorwa miguu miwili midogo, wa kushoto mfupi kwa upana wa vidole viwili. Pembeni mzazi alikuwa ameandika umri, miaka sita. Chini yake aliongeza kwa herufi kubwa: "Fundi, usimwonee huruma. Anacheza mpira. Soli iwe imara."

Nyundo aliibandika karatasi ukutani mbele ya macho yake, akachagua ngozi nene kuliko zote, akaanza kukata.